Kilwa na suala la serikali kuomba radhi kwa utumwa

Je, serikali za leo ziombe radhi kwa utumwa wa zamani? Tuanzie Kilwa, pwani ya kusini mwa Tanzania. Septemba 1776 sultani wa Kilwa alitiliana mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa. Wengi waliofikishwa pale walivushwa hadi Zanzibar. Anayetafuta wa kuomba radhi kwa utumwa wa Kusini, basi, atakuta wahusika zaidi ya mmoja. Hilo halimpunguzii yeyote sehemu yake: mnunuzi hasafishwi kwa sababu muuzaji alikuwepo.

Wapo wanaosema wenye kosa wameshakufa. Kwa mtu binafsi, sawa. Lakini serikali hurithi mipaka, mikataba, madeni na hata mali zilizomo katika makumbusho yake. Haiwezi kupokea urithi huo wote ikaliacha kosa peke yake. Kwa hiyo ndiyo, serikali ziombe radhi, na sisi tujifunze kuzipima kauli zao.

Sheria ya Ufaransa ya Mei 2001 ilitamka kwamba biashara ya watumwa, ikiwemo ya Bahari ya Hindi, ni jinai dhidi ya ubinadamu. Inaihusu Kilwa moja kwa moja, ila haikuomba radhi. Seneti ya Marekani iliomba radhi mwaka 2009, kisha ikaweka kifungu cha kuzuia azimio hilo lisitumike kudai fidia. Uholanzi iliomba radhi Desemba 2022 na kutenga euro milioni 200. Hata hivyo makundi ya Suriname, koloni lake la zamani, yalilalamika kwamba hayakushirikishwa ipasavyo. Radhi inayopangwa bila wenye machungu huharibikia hapo.

Upande wa ukoloni, tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea kwa ukatili wa Vita vya Majimaji. Alifanya jambo la haki. Lakini vita hiyo ilianzia Umatumbi, wilayani Kilwa, Julai 1905, na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa iliua watu wengi mno. Vijiji vya Kilwa na Liwale navyo vinastahili kutajwa.

Kutajwa kunahitaji ushahidi. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin, kwa vipimo vya vinasaba, walipata ndugu walio hai Tanzania wa mafuvu matatu tu, kati ya zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Mengi hayakuwa na maelezo ya kutosha hata kuanza kutafuta. Basi mzee anaposimulia, rekodi sauti yake. Andika jina lake, umri, kijiji, tarehe, na nani alimsimulia yeye. Bila hayo, simulizi ni vigumu kuithibitisha baadaye. Makaburi yapigwe picha, yasichimbuliwe. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine apewe ofisa utamaduni wa halmashauri.