Yai Linaloingia Mashineni Leo Ndio Kuku wa Sikukuu: Tuanze Kuhesabu Mapema

Kila ikikaribia sikukuu hapa Tanga maneno ni yaleyale, kuanzia Ngamiani mpaka Pongwe: vifaranga hamna, au wapo lakini bei imepaa, halafu wiki chache baadae broila wamejaa mtaani mpaka watu wanauza kwa hasara ili tu wasiendelee kununua chakula. Lawama zote zinaenda kwa madalali. Sisi wataalamu wa mifugo tukiangalia tunaona shida imeanza mapema sana, imeanzia kwenye mashine ya kutotolesha, kwa sababu watu wengi wanahesabu vifaranga wakati hesabu ilitakiwa ianze kwenye mayai.

Kuku ana kalenda yake na haibembelezeki. Yai linakaa mashineni siku 21, siku 18 za mwanzo kwenye trei zinazogeuzwa, siku 3 za mwisho linahamishiwa kwenye trei za kutotolea na haligeuzwi tena. Broila akishatoka anachukua kama wiki 5 mpaka 6 kufika sokoni. Kwa hiyo mtu anayetaka kuuza broila wa siku 35 tarehe 23 Desemba, vifaranga wake wawe bandani tarehe 18 Novemba, mayai yameingia mashineni tarehe 28 Oktoba, na aliyeyakusanya ameanza kama tarehe 21 Oktoba. Miezi miwili kabla ya Krismasi kuku wako ni yai tu na bado halijaingia hata mashineni! Idd ndio inahitaji umakini zaidi maana kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, ukikariri tarehe za mwaka jana umeshachelewa au umewahi. Na kwa kuku wa mayai ni mbali zaidi, anaanza kutaga akiwa na wiki 18 mpaka 20 hivi, ongeza wiki 3 za mashine hapo, ni kama miezi mitano.

Wenzetu Marekani hili wanalichukulia serious kweli. Idara yao ya Kilimo kila Jumatano inatoa ripoti ya mayai ya broila yaliyoingizwa mashineni wiki ile na vifaranga waliopelekwa mabandani, na mayai hayo yanazidi milioni 200 kwa wiki moja. Mwenye kiwanda cha chakula, mwenye machinjio, muuza mahindi, wote wanaisoma maana inawaambia kuku watakuwa wangapi wiki 8 au 9 mbele. Sisi hatuhitaji mamilioni. Watotoleshaji kumi wa Tanga mjini, Muheza na Korogwe wakiambiana ukweli kila wiki nani ameingiza mayai mangapi, tayari wana habari ambayo dalali hana.

Ila kuna kosa moja la hesabu naliona sana, mtu anachukua vifaranga waliototolewa wiki hii anagawanya kwa mayai aliyoingiza wiki hii hii. Hapana jamani. Vifaranga wa leo ni wa mayai ya wiki tatu nyuma. Kama mwezi huu umeongeza mayai utajiona umefeli wakati hujafeli, na kama umepunguza utajisifu bure. Kila awamu, yaani mayai yaliyoingia mashineni pamoja, iandikwe namba au tarehe kwenye trei ifuatwe hiyohiyo mpaka mwisho.

Sasa hapa ndipo penye utamu wenyewe, naomba tuende taratibu. Tuseme kuna mama wawili kila mmoja ana mashine ya mayai 1,056, zile za trei 12 za mayai 88 ambazo zimeenea sana. Wote wawili wamepata vifaranga 792. Ukigawa ni asilimia 75, watu watasema wako sawa. Hawako sawa hata kidogo. Mama wa kwanza siku ya 10 alipomulika mayai kwa tochi alitoa 132 ambayo hayana mbegu, yakabaki 924 yenye mbegu, na vifaranga 792 kati ya 924 ni karibu asilimia 86. Mashine yake iko vizuri, shida yake iko bandani: majogoo wachache, au wamezeeka, au wananenepa hawapandi. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 mpaka 10, zaidi ya hapo unajidanganya. Mama wa pili alitoa 40 tu yasiyo na mbegu, yakabaki 1,016, lakini akapata vifaranga walewale 792, hiyo ni asilimia 78. Huyu majogoo wake hawana neno, mbegu zipo ila zinafia njiani. Ukimshauri abadilishe majogoo umemtia hasara ya bure. Ndio maana namba moja haitoshi, andika mayai yaliyoingia, yasiyo na mbegu, na vifaranga waliotoka, zote tatu.

Na yale yaliyogoma kutotoa msiyatupe shimoni bila kuyapasua. Najua yananuka, vaa glavu, kaa nje penye upepo, pasua moja moja juu ya ndoo uangalie. Ukikuta alama ya duara la damu na hakuna kijusi cha maana, kilikufa siku za mwanzo, na hapo ulizia utunzaji wa mayai kabla ya mashine. Ukikuta kijusi kimeota manyoya kidogo kimefia katikati, angalia lishe ya kuku wazazi hasa vitamini, au uchafu ulioingia kwenye yai. Ukikuta kifaranga amekamilika kabisa, mdomo umegusa ganda na hakutoka, hiyo mara nyingi ni mambo ya mashine: joto, unyevu, hewa, au mayai hayakugeuzwa vizuri. Andika idadi ya kila kundi. Awamu tatu nne tu ugonjwa wa mashine yako unajionyesha wenyewe.

Kwa hali ya hewa yetu ya pwani kuna mawili yanayotuumiza. La kwanza ni stoo ya mayai. Mayai ya kutotolesha yanataka nyuzi joto 15 mpaka 18 na yasizidi siku 7, sasa kipindi cha kaskazi chumba cha kawaida Tanga kinapita nyuzi 30, kijusi kinaanza kukua kivivu humohumo kwenye trei halafu kinakufa kabla hata hujawasha mashine. Kama huna chumba cha ubaridi usikusanye wiki nzima, ingiza mayai ya siku tatu nne, mashine isipojaa potelea mbali. La pili ni unyevu. Mpaka siku ya 18 yai linatakiwa lipoteze asilimia 11 mpaka 13 ya uzito kwa maji kutoka kupitia ganda, na kwa hewa yetu hii yenye unyevu mtu akiendelea kujaza maji mashineni kwa kufuata kitabu tu, maji hayatoki ya kutosha, unapata vifaranga wenye matumbo makubwa, wamelowa, kitovu hakijafunga. Dawa yake ni mizani. Trei ya mayai 88 ya gramu 55 ina gramu 4,840 ukitoa uzito wa trei yenyewe, siku ya 18 isome kama 4,260. Ikisoma 4,450 punguza maji awamu ijayo. Hii ni kazi ya dakika mbili na inaokoa vifaranga wengi kuliko dawa yoyote ya dukani.

Umeme nao ukikatika andika saa ulipokatika na saa uliporudi, usiseme tu "umeme ulisumbua".

Vifaranga wakitoka hesabu mara mbili: waliototolewa, na wanaouzika. Mwenye kitovu wazi, miguu iliyopinda au macho yaliyofumba si wa kumuuzia mtu. Mnunuzi nawe usiishie kuuliza bei, uliza wametoka lini maana kiini kilichobaki tumboni kinawabeba mpaka kama saa 72 tu, uliza wamechanjwa Mareksi (ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku) siku ya kwanza au la, uliza wazazi ni kuku gani, maana mtu anauziwa chotara wa mtaani anaambiwa ni Kuroila, ile mbegu iliyoboreshwa. Asiyeweza kukujibu hayo hana daftari.

Kwa kuanzia chukua daftari la kawaida, ukurasa mmoja kwa awamu moja: tarehe ya kuingiza, mayai yametoka kwa nani, idadi, yasiyo na mbegu siku ya 10, uzito wa trei siku ya 1 na ya 18, vifaranga, wanaouzika, waliofia kwenye ganda. Kila Jumapili jioni tuma kwenye grupu lenu la WhatsApp mambo mawili tu, mayai niliyoingiza wiki hii na vifaranga nitakaotoa wiki ijayo. Mkiona jumla inapanda kwa wiki tatu mfululizo na hakuna sikukuu mbele, anayetaka kuingiza broila asubiri kwanza, na anayeshindwa hizo hesabu za asilimia ampelekee daftari afisa mifugo wa kata, akae nae wazipige pamoja.