Juzuu ya Kumi Ningeikata, ila si Popote

Kazi yangu ni kuhariri riwaya, kwa hiyo The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za fantasia, huisoma huku mkono ukiniwasha. Ni juzuu 14, ukiacha ile ya utangulizi, na jumla yake inapita maneno milioni 4. Robert Jordan alitoa ya kwanza mwaka 1990, akafariki 2007 kabla hajamaliza. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, alimkabidhi mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, tatu za mwisho. Ya kufungia ilitoka 2013.

Naupenda mfululizo huu na unanichosha, na chanzo cha yote mawili ni kimoja.

Mwanzoni mambo mengi tunayaona kwa macho ya kijana mmoja, Rand al'Thor. Kisha wahusika wanatawanyika, na kila mmoja anapewa sura zake, maadui zake, na wasaidizi ambao nao baadaye wanadai sura. Nyuzi zinaongezeka lakini kurasa za kitabu haziongezeki kwa kasi hiyo, basi kila uzi unasogea kidogo tu. Ndiyo maana Perrin, rafiki wa Rand, hayumo kabisa katika juzuu ya 5, na Mat, rafiki yake mwingine, hayumo katika ya 8. Faile, mke wa Perrin, anatekwa katika ya 8 na kukombolewa katika ya 11. Waliokuwa wakinunua vitabu vilipotoka walisubiri tangu 1998 hadi 2005, huku mume akizunguka kwenye theluji kanuna.

Inayolalamikiwa zaidi ni ya 10, Crossroads of Twilight, na inastahili. Ya 9 inaisha kwa kishindo: Rand na Nynaeve, mwanamke wa kijijini kwake, wanaitakasa saidin, ile nguvu ya uchawi ya wanaume iliyotiwa sumu na kuwapa wazimu. Badala ya kusonga mbele, ya 10 inarudi nyuma kidogo, inatuonyesha mhusika mmoja baada ya mwingine akikihisi kishindo kilekile kutoka mbali, kisha akiendelea na shughuli zake. Chai inanywewa sana. Magauni yanaelezwa hadi darizi. Mswada kama huo ningeurudisha kwa mwandishi.

Sasa tazama juzuu ya 11. Nynaeve anamtangulia mumewe, Lan, mfalme wa Malkier, nchi iliyokwisha kumezwa na adui. Anamfikia mfanyabiashara wa vito, mtoto wa nchi ile, na kumuuliza kama Lan aende vitani peke yake. Ni kurasa chache, na mimi zilinigusa mno. Lakini zina nguvu kwa sababu habari za Malkier tunazibeba tangu juzuu ya kwanza, zikiwemo sura ambazo Lan amesimama tu nyuma ya mtu, kimya. Mhariri mwenye pupa angeanza kufyeka hapo hapo, akisema hakuna kinachotokea.

Kwa hiyo ningekata marudio, nikauacha ucheleweshaji. Nynaeve akivuta nywele zake zilizosukwa kwa hasira mara ya kwanza, tumemjua. Mara zilizobaki ni wino. Kishindo cha saidin kingetosha kuhisiwa na watu wawili.

Sanderson aliposhika kalamu, mwendo uliongezeka mara moja, na Egwene, msichana wa kijiji kimoja na Rand, katika juzuu ya 12 ni kati ya sehemu bora za kazi nzima. Mat wake wa juzuu hiyohiyo, hapana. Wa Jordan anachekesha bila kujua. Huyu anatoa mzaha na kusubiri tucheke.