Kiolesura cha sauti ni nini, na kichaguliwe vipi pamoja na programu ya kurekodia

Kiolesura cha sauti, ambacho mafundi wengi wa studio hukiita intafesi au kadi ya sauti ya nje, ni kifaa kinachokaa kati ya maikrofoni na kompyuta. Kinafanya kazi mbili: hugeuza umeme dhaifu unaotoka kwenye maikrofoni kuwa tarakimu ambazo kompyuta inaweza kuzihifadhi, kisha huzirudisha tarakimu hizo kuwa umeme ili zisikike kwenye hedifoni au spika. Programu ya kurekodia ndiyo inayozipokea tarakimu hizo, kuzipanga katika njia mbalimbali (traki), kuzikata, kuzichanganya na hatimaye kuzitoa zikiwa faili moja la wimbo, la mahubiri au la kipindi. Kompyuta nyingi zina kifaa kidogo cha aina hiyo ndani yake, lakini kimeundwa kwa ajili ya mazungumzo ya mtandaoni, hakina tundu la maikrofoni ya studio, na mara nyingi huchanganya sauti na mvumo wa mashine yenyewe.

Anayeanzisha studio chumbani kwake Kampala, Jinja au Arua huona vitu hivi viwili kama manunuzi mawili yasiyohusiana: atafute kifaa leo, na programu atapewa na rafiki kwenye flashi kesho. Huo ndio mpango unaomchelewesha, kwa sababu kifaa na programu hukutana mahali pamoja, yaani kwenye draiva, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, na draiva mbovu hukifanya kifaa kizuri kionekane takataka.

Tuanze na tarakimu zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, kwa kuwa ndizo zinazowavuta wanunuzi zaidi kuliko zinavyostahili. Kifaa hupima sauti mara nyingi kwa sekunde, na kanuni inayojulikana ni kwamba vipimo vizidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yanayohitajika. Sikio la mwanadamu husikia hadi takriban hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, nalo hupungua nguvu kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo vipimo 44,100 kwa sekunde vilivyowekwa kwa ajili ya CD vinatosha kwa muziki, na 48,000 ndicho kiwango cha kawaida cha video. Kifaa kinachojisifu kwa 192,000 hakitafanya sauti ya mwimbaji iwe tamu zaidi. Kitakachofanya kwa hakika ni kujaza diski. Njia moja ya sauti yenye vipimo 48,000 vya biti 24 (biti hapa ni tarakimu za 0 na 1 zinazounda kila kipimo) huchukua karibu megabaiti 8.6 kwa dakika, na ile ya 192,000 huchukua mara nne ya hapo. Biti 24, kwa upande mwingine, zina faida ya kweli: kwa kuwa kila biti huongeza takriban desibeli sita (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, anayerekodi anaweza kuacha nafasi ya kutosha juu, kilele kikiwa karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, bila kuogopa kwamba sauti itazama kwenye mvumo wala kwamba itapasuka mwimbaji anapopaza ghafla.

Jambo linaloamua kama studio itafanya kazi kwa raha au kwa hasira ni uchelewaji, yaani muda unaopita tangu mwimbaji atamke neno hadi alisikie neno hilo hilo kwenye hedifoni baada ya kupita ndani ya kompyuta. Kompyuta haishughulikii kipimo kimoja kimoja. Hukusanya fungu la vipimo, linaloitwa bafa, ndipo ilifanyie kazi kwa pamoja. Bafa ya vipimo 128, kwa kasi ya 48,000, ni sawa na milisekunde 2.7, ya 256 ni milisekunde 5.3, ya 1,024 inazidi milisekunde 21. Safari nzima ina bafa ya kuingilia na bafa ya kutokea, pamoja na muda wa kifaa chenyewe, kwa hiyo hesabu hizo hujumlishwa na kuongezeka. Milisekunde kumi ni muda ambao sauti hutumia kusafiri hewani takriban mita tatu na nusu, umbali ambao mpiga ngoma na mwimbaji huvumiliana jukwaani bila shida, lakini ikizidi ishirini mwimbaji huanza kuburuza maneno na mpiga gitaa hupotea kwenye mdundo. Kupunguza bafa ndiyo dawa, ila kila inapopunguzwa kompyuta hulazimika kufanya kazi kwa haraka zaidi, na kompyuta iliyochoka hutoa mlio wa kukatikakatika.

Hapa ndipo draiva inapoingia. Kwenye Windows, njia ya kawaida ya sauti hupitia tabaka nyingi za mfumo, na kwa sababu hiyo kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilileta mwaka 1997 mfumo wa ASIO, unaoiwezesha programu kuzungumza na kifaa karibu moja kwa moja. Kifaa ambacho mtengenezaji wake ameandika draiva yake mwenyewe ya ASIO, na anaendelea kuisasisha, kina thamani kuliko kifaa chenye vitufe vingi zaidi ambacho mnunuzi huambiwa apakue draiva ya jumla ya bure. Draiva za jumla, kama ASIO4ALL, zinasaidia wakati hakuna lingine, lakini si jambo la kulitegemea unapolipia kifaa kipya. Kwenye Mac suala hili ni jepesi, kwani mfumo wa Core Audio umo ndani tayari na vifaa vingi hufanya kazi mara vinapochomekwa. Vilevile vifaa vingi vina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, ambacho humpa mwimbaji sauti yake kabla haijaingia kwenye kompyuta, hivyo uchelewaji unamwondokea kabisa. Kasoro yake ni kwamba hatasikia mwangwi wala madoido yanayoongezwa na programu.

Idadi ya matundu iamuliwe na vyanzo vinavyorekodiwa kwa wakati mmoja, si na idadi ya watu waliomo katika bendi. Msanii wa kidandali, mtindo wa muziki wa Uganda, anayeimba juu ya mdundo (biti) uliokwisha kutengenezwa anahitaji tundu moja tu, hata kama wimbo utaishia kuwa na njia arobaini, kwa maana anaimba sauti ya kwanza, kisha kiitikio, kisha sauti za kujazia, moja baada ya nyingine. Matundu mawili yanatosha kwa mazungumzo ya watu wawili, kwa mwimbaji anayejipigia gitaa, na hata kwa amadinda, marimba ya Buganda ambayo wapigaji watatu hukalia ala moja, kwa sababu maiki mbili zilizopangwa vizuri huikamata ala yote pamoja na upana wake. Kikundi cha kaswida chenye dufu kadhaa na waitikiaji, kikitaka kila sauti iwe na njia yake ili irekebishwe baadaye, hakina budi kutafuta matundu manane, na gharama hupanda sana. Wengi wangepata matokeo mazuri zaidi kwa maiki mbili na chumba kilichotulia. Anayepiga adungu, ala ya nyuzi, yenye kinasa mtetemo (pickup) kilichobandikwa juu yake ahakikishe kifaa kina tundu la gitaa, lile lenye ukinzani mkubwa, la sivyo nyuzi zitasikika nyembamba kama za redio mbovu.

Uwezo wa kukuza sauti ndio wanunuzi wengi hawauulizi, ilhali kwa nyumba zetu una uzito. Maiki za kondensa, ambazo huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kifaa, husikia kila kitu: bodaboda barabarani, jogoo wa jirani, mvua juu ya mabati, na katika miezi ya Machi hadi Mei mvua hiyo haina miadi. Maiki za dainamiki, kama Shure SM58 iliyoko sokoni tangu 1966, huchukua zaidi kilicho karibu na mdomo na kuacha mengi ya mbali, lakini hutoa umeme mdogo, kwa hiyo hutaka kifaa chenye nguvu ya kuzikuza bila kuongeza mvumo. Shure SM7B, ambayo watangazaji wengi huitamani, huhitaji takriban desibeli 60. Intafesi ya Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu hutoa 56, na ya kizazi cha nne, iliyotoka 2023, hutoa 69. Aliyenayo ile ya zamani atalazimika kuongeza kikuzaji kingine kati ya maiki na kifaa, au achague maiki nyingine.

Umeme nao haukwepeki. Kifaa kinachopata nguvu kupitia waya wa USB kinaendelea kurekodi umeme unapokatika, maadamu betri ya laptopu ni nzima, na kwa Uganda hiyo pekee ni sababu tosha ya kukipendelea kuliko kile chenye adapta yake. Mvumo wa hezi 50 unaosikika chaja ikichomekwa, ukitoweka chaja inapochomolewa, si ubovu wa kifaa bali ni tatizo la waya wa ardhini. Inveta za bei rahisi za sola huleta mlio wa aina yake, nao pia hutulia kazi inapofanyika kwa betri.

Kuhusu programu, ningeanza na kompyuta iliyopo. Mwenye Mac tayari ana GarageBand bila malipo. Mwenye laptopu ya Windows yenye umri ataifaidi Reaper, ambayo ni nyepesi, hujaribiwa kwa siku 60 ikiwa kamili, na leseni yake ni dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ambayo mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Audacity, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, ni ya bure na inatosha kwa kipindi cha mazungumzo au kusafisha mahubiri, ila haikuundwa kwa ajili ya kupanga biti. FL Studio ya Image-Line ya Ubelgiji inapendwa sana na maprodyuza wa biti, na anayeinunua hupata masasisho maishani bila kulipa tena, lakini toleo lake la chini kabisa, Fruity, kwa miaka mingi halikuwa likirekodi sauti. Anayetaka kurekodi mwimbaji ahakikishe toleo analolinunua linarekodi sauti, kama lile la Producer. Programu za wizi zinazosambazwa kwenye flashi huweza kuja na virusi, hukosa masasisho, na mara nyingi huvurugana na draiva mpya, kisha kifaa ndicho kinacholaumiwa.

Anayeagiza kutoka nje akumbuke kwamba VAT ya asilimia 18 pamoja na gharama za forodha huweza kuufuta unafuu uliomvutia, na kwamba kurudisha kifaa kibovu ng'ambo ni kazi. Anayenunua dukani aende na laptopu yake, maiki yake na programu yake ikiwa imeshasakinishwa. Asakinishe draiva ya mtengenezaji, aweke bafa ya 128, arekodi dakika mbili huku biti ikicheza, na asikilize kama kuna mkatiko. Kisha apandishe ukuzaji hadi robo tatu bila mtu kuzungumza na asikie mvumo ni mkubwa kiasi gani kwenye hedifoni, achezeshe waya katika kila tundu kuona kama jeki imelegea, na arudie jaribio lile lile chaja ikiwa imechomolewa.