Maua ya mwaka huu yaliumbwa mwaka jana

Nimeulizwa tena, na sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja: “Fundi, lilaki yangu ina miaka tisa, majani tele, ua hata moja sijaliona. Niiwekee mbolea gani?” Nikamuuliza huwa anakipogoa lini kichaka hicho cha maua. “Mwishoni mwa baridi, kila mwaka, kama inavyotakiwa.”

Haitakiwi hivyo!

Kanuni ya kupogoa kila kitu mwishoni mwa baridi ni nzuri kwa mawaridi mengi ya kisasa, kwa sababu hutoa maua kwenye machipukizi ya mwaka huohuo. Lilaki, fosithia, azalia, magnolia na micheri ya maua haziendi hivyo. Maua yakishapukutika, mmea huanza kuumba matumba ya mwaka unaofuata majira yaleyale ya joto, kisha huyabeba baridi nzima yakiwa yamefungwa ndani ya magamba. Weigela ina njia yake, huchanua kwenye vitawi vifupi vinavyoota juu ya matawi ya mwaka jana, lakini hasara ni ileile ukiyakata matawi hayo mapema.

Usiponiamini, nenda kwenye lilaki katikati ya baridi ukatazame ncha ya tawi. Mara nyingi utakuta matumba mawili manene, bega kwa bega. Limenye moja kwa ukucha, gamba baada ya gamba. Ndani kuna kishada cha kijani, vishanga vidogo vimesongamana kama zabibu, na chote hakizidi punje ya mchele. Hayo ndiyo maua yako, yapo tayari. Shuka chini kwenye tawi hilohilo na utaona matumba membamba yaliyochongoka, ambayo mengi yana majani matupu. Sasa fikiria mtu anayepitisha makasi juu ya kichaka akikisawazisha kama kinyozi anavyosawazisha nywele. Anaondoa ncha zote, anaacha matumba ya majani, halafu anakuja kuuliza mbolea. Na akiimwagia naitrojeni, majani yanazidi kushamiri.

Linaloniudhi zaidi ni haidrenjea. Watu hulitaja jina hilo kana kwamba ni mmea mmoja. Hydrangea macrophylla, ile ya vichwa vikubwa vya mviringo, huchanua hasa kutoka matumba ya mashina ya mwaka jana. Hydrangea paniculata na Hydrangea arborescens huchanua kwenye mashina mapya, kwa hiyo hizo zikate mwishoni mwa baridi bila wasiwasi. Ukiikata macrophylla vivyo hivyo, umejinyima msimu. Viache vichwa vyake vikavu vikinge matumba dhidi ya baridi, na majira ya kuchipua ukate juu tu ya jozi ya kwanza ya matumba yenye afya. Siku hizi kuna aina zinazochanua kwenye mashina ya zamani na mapya pia, na lebo ya chungu mara nyingi haisemi. Mimi huacha mmea nisioujua mwaka mzima bila kuugusa, kisha naangalia ua limetokea wapi.

Tena si kila kosa ni la makasi. Usiku mmoja wa jalidi iliyochelewa huweza kuua matumba yote ya macrophylla. Lipasue tumba: likiwa jeusi au la kahawia hadi moyoni na mmea unachipua kutoka chini, hilo ni jalidi.

Micheri nayo pogoa majira ya joto, lakini kwa sababu nyingine: kuvu wa ugonjwa wa jani la fedha huingilia kwenye vidonda vibichi, na hatari yake ni kubwa zaidi miezi ya baridi na unyevu.

Kichaka kama lilaki, fosithia au weigela kipogoe mara tu maua yanaponyauka. Ondoa theluthi ya mashina makuukuu kutoka ardhini na uache machanga. Lilaki iliyozeeka kabisa unaweza kuikata chini hata wakati wa baridi, ilimradi ukubali miaka miwili au mitatu bila maua.

Vitabu husisitiza pia kukata kila kishada cha lilaki kilichonyauka. Kwenye kichaka kichanga nafanya. Kwenye kikubwa nimeacha zamani, na sijaona tofauti inayostahili kupanda ngazi. Na nimeona lilaki zilizopogolewa kwa wakati, juani kutwa, zikaruka mwaka baada ya kuchanua kupita kiasi, au baada ya ukame kuzikuta zikiumba matumba. Kwa hiyo simwahidi mtu maua kila mwaka.

Lakini huyu wa miaka tisa nimemwambia aweke makasi chini na mfuko wa mbolea aurudishe stoo. Mwaka huu ncha zimeshakatwa. Machipukizi yanayotoka sasa yataumba matumba katikati ya joto, na wakati wa baridi ataweza kuyahesabu mwenyewe.