Jeraha lililojificha nyuma ya jeraha

Siku ya tatu wodini. Paja lililovunjika limeshafanyiwa upasuaji, damu imeongezwa, uso umeanza kung'aa. Mgonjwa anapewa kikombe cha maji, anashindwa kukishika. Kumbe na kiganja kilivunjika siku ileile ya ajali, ila hakuna aliyekigusa. Ndugu wanauliza, na wana haki ya kuuliza: madaktari walikuwa wapi?

Walikuwa hapohapo, wakihangaika na kile kilichokuwa karibu kumuua. Majeruhi hupimwa kwa mpangilio: njia ya hewa kwanza, kisha upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, na mwisho mwili wote hufunuliwa. Mpangilio huu ulienea duniani kupitia mafunzo yaliyotokana na msiba wa James Styner, daktari wa upasuaji wa mifupa aliyeanguka na ndege yake ndogo huko Nebraska, Marekani, mwaka 1976. Mkewe alifariki, na matibabu waliyopata watoto wake yalimfanya aamini kwamba utaratibu mzima ulihitaji kuundwa upya. Mpangilio huo umeokoa wengi. Lakini kazi yake ni kulinda uhai, na kidole kilichovunjika hakiui mtu.

Yaliyobaki hutarajiwa kunaswa na ukaguzi wa pili, kuanzia utosini hadi unyayoni. Huo ndio unaokatizwa. Wengu unavuja, mgonjwa anakimbizwa chumba cha upasuaji, fomu inabaki nusu. Anarudi akiwa kwenye mashine ya kupumulia na hawezi kusema panapomuuma. Aliyelewa, aliyegonga kichwa na mtoto mdogo wako katika hatari hiyohiyo. Hata mwenye fahamu timamu hudanganywa na mwili wake, maana maumivu ya paja huyameza ya shingo. Ndiyo maana kola ya shingo haivuliwi kwa sababu tu mgonjwa amesema shingo haimuumi.

Majeraha mengine hujificha hata kwa mashine. Kuna kijifupa cha kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambacho kinaweza kuvunjika na picha ya eksirei ya siku ya kwanza isionyeshe kitu. Anayeumia akibonyezwa hapo hufungwa mkono, kisha hupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Bega lililoteguka kuelekea nyuma huweza kuonekana zima kwenye picha iliyopigwa kwa mbele. Linalonitisha zaidi ni tundu dogo la utumbo: kipimo cha CT, yaani picha za kina za ndani ya mwili, kikifanywa saa za mwanzo huweza kulikosa, na saa kadhaa baadaye tumbo linakakamaa na homa inapanda. Kwa hiyo tumbo la majeruhi hushikwa tena na tena, ikiwezekana na mkono uleule, ili mabadiliko yatambulike.

Dawa ya majeraha haya yanayojificha ni ukaguzi wa tatu, ndani ya saa 24, kisha tena mgonjwa anapopata fahamu. Daktari aanze upya kana kwamba hajui lolote: ashike kila kiungo, kidole kwa kidole, amgeuze mgonjwa aone mgongo, kwapa na matako, kisha asome majibu ya daktari bingwa wa picha badala ya kutegemea jicho lililochoka la usiku. Fomu husaidia, lakini kwa maoni yangu fomu iliyojazwa bila kumgusa mgonjwa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu anayefuata ataiamini.

Ndugu nao wana habari ambazo hazimo kwenye picha yoyote. Elezeni ajali ilivyotokea. Aliyeanguka kutoka juu akatua kwa visigino hukaguliwa uti wa mgongo pia, hata kama analalamikia miguu tu. Tajeni dawa anazotumia, hasa zinazozuia damu kuganda. Na mgonjwa asione haya kusema ka-maumivu kadogo eti kwa kuwa ameponea chupuchupu.

Siku atakaposimama kwa mara ya kwanza, muuguzi awe karibu na amtazame anavyokanyaga. Unyayo uliovunjika hunyamaza muda wote mtu akiwa amelala.