Skripti kufika mwisho si ushahidi kwamba Linux yako itawaka
Wengi tunaounda Linux nyepesi hapa Mombasa, kwa kompyuta kuukuu zenye RAM ya GB 1, huamini skripti (faili ya amri zinazounda mfumo) ikimaliza bila kulalamika kazi imekwisha. Sivyo hata kidogo. Bash, programu inayotekeleza skripti hiyo, isipoamriwa vinginevyo, amri moja ikishindwa huendelea na inayofuata, na matokeo inayoripoti ni ya amri ya mwisho tu. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaweza kukosekana, na bado mstari wa mwisho ukaandika "Tayari". Nimeyaona Kongowea: faili ya ISO (mfumo mzima uliofungwa katika faili moja ya kuwashia kompyuta) ipo, skrini nyeusi tii.

Anza skripti kwa `set -euo pipefail`, ili isimame amri ikishindwa. Jenga kwenye mfumo msafi, kwani kompyuta yako ina maktaba ulizosakinisha zamani ukazisahau, nazo huficha upungufu. Kisha iwashe ISO ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta, kwa `-m 1024` (RAM ya GB 1), kabla hujagusa flashi.