Je, wajua? Silabi moja, "ji", inavyofunga faili ya kifo na namna inavyopingwa

Alirushwa, alijirusha. Alinyongwa, alijinyonga. Kiswahili kimeiweka tofauti ya mauaji na kujiua ndani ya silabi moja, "ji", na silabi hiyo huingia kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, upesi ajabu. Mtu anaanguka kutoka ghorofa ya nane Roysambu saa tisa usiku. Kufikia saa moja asubuhi imeshaandikwa "alijirusha", wala hakuna daktari aliyeugusa mwili. Nani kisheria ana mamlaka ya kuiandika "ji" hiyo? Na familia isiyoikubali inaanzia wapi?

Kwa sheria ya Kenya, maneno ya polisi ni taarifa, si uamuzi. Kifungu cha 386 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamtaka mkuu wa kituo, akipata habari ya mtu aliyejiua, aliyeuawa, aliyekufa kwa ajali au katika hali ya kutiliwa shaka, amjulishe mara moja hakimu aliye karibu, kisha aende mwili ulipo na aandike ripoti ya majeraha yote aliyoyaona: vidonda, mifupa iliyovunjika, michubuko. Kifungu cha 387 kinampa hakimu nafasi ya kukichunguza kifo hicho mwenyewe mahakamani, kazi ambayo mawakili huiita inkwesti. Kama marehemu alifia mikononi mwa polisi au gerezani, hakimu hana hiari, lazima achunguze. Kwa vifo vingine anaweza kuamua kuchunguza au la, na hapo ndipo faili nyingi hulala usingizi wa pono, kwa sababu hakuna aliyemwomba. Ipo pia Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Makorona (maafisa maalumu wa kuchunguza vifo) ya 2017, iliyokusudiwa kuiondoa kazi hii mikononi mwa polisi, lakini ilipitishwa ikakaa kwenye karatasi miaka nenda miaka rudi.

Daktari naye haandiki "ji". Mwanapatholojia, yaani daktari anayepasua maiti, anaandika chanzo cha kifo, kwa mfano "kukosa hewa kwa sababu ya kubanwa shingo". Nani aliyeibana, au kama ni marehemu mwenyewe, ni swali jingine, na jibu lake hutoka katika mwili, mahali ulipokutwa, simu na mashahidi, vyote vikisomwa pamoja. Ripoti ya daktari isiyotaja kujiua haijakanusha kujiua, wala haijakuthibitisha. Familia nyingi huisoma vibaya hapo, na polisi pia.

Tuchukue shingo, maana ndiyo huleta ubishi zaidi. Alama ya kamba ya mtu aliyejitundika kwa kawaida huwa juu, karibu na taya, inapanda kwa mshazari kuelekea fundo, na mahali pa fundo inakatika. Aliyekabwa kwa kamba na mtu mwingine mara nyingi hubaki na alama iliyolala sawa, chini kidogo, inayozunguka shingo nzima. Lakini aliyejitundika huku miguu ikigusa chini anaweza kuacha alama iliyolala karibu sawa na ya kukabwa, kwa hiyo picha ya simu inayozunguka kwenye WhatsApp haitoshi kumhukumu mtu. Kipo pia kifupa cha koo chenye umbo la kiatu cha farasi, kiitwacho hayoidi. Watu husikia "hakikuvunjika" wakadhani mjadala umekwisha. Kwa kijana kifupa hicho bado kinapinda, na anaweza kukabwa hadi kufa kikabaki kizima.

Ushahidi mgumu kuughushi ni damu yenyewe. Moyo ukisimama, damu hutuama upande wa chini wa mwili na kufanya madoa ya zambarau. Huanza kuonekana baada ya nusu saa hadi saa mbili, na baada ya saa 8 hadi 12 hivi huwa yameganda mahali pake. Hata ukiugeuza mwili hayahami. Aliyening'inia kwa saa nyingi anatakiwa kuwa nayo kwenye miguu na mikono. Akikutwa ananing'inia huku madoa yamejaa mgongoni, basi alilala chali kwa saa kadhaa baada ya kufa, na kuna mtu aliyemwinua.

Kwa aliyeanguka ghorofani, kinachohitajika zaidi ni futi ya fundi. Kitovu cha uzito wa mtu mwenye urefu wa sentimita 170 kiko karibu sentimita 95 kutoka sakafuni. Ukuta wa baraza ukiwa sentimita 110, mtu hapinduki juu yake kwa kuteleza tu. Ama alipanda, ama aliinuliwa. Pimeni ukuta huo, pimeni umbali kutoka chini ya jengo hadi mwili ulipotua, mwangalie kama vumbi la ukingoni limefutwa na kwa upana gani. Umbali pekee hauthibitishi kusukumwa, ila usipopimwa siku hiyohiyo haupimiki tena, kwa sababu kabla ya saa nne kereteka, msimamizi wa jengo, atakuwa ameshamwaga maji na kupiga deki. Kamera za lango nazo hujirekodi juu ya picha za zamani, nyingine baada ya wiki moja tu. Ombeni kwa barua picha zisifutwe, na mkipige picha kitabu cha wageni cha mlinzi.

Hata hivyo, kosa linaloharibu kesi nyingi zaidi hufanyika mochari, tena kwa nia njema. Ni formalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Mhudumu anataka mwili usiharibike, familia inataka mpendwa wao apendeze, basi dawa inatiwa usiku uleule. Ili kuitia, hukatwa mshipa mkubwa wa shingo au wa paja, damu inasukumwa nje, na mara nyingine tumbo hutobolewa. Sasa shingo iliyokuwa na swali ina jeraha jipya la kisu. Damu ya kupimia sumu imekwenda na maji. Dawa hizo mara nyingi zina methanoli, ambayo huvuruga kipimo cha pombe, na formalini huharibu baadhi ya sumu, sianidi ikiwemo, kiasi cha kutoonekana maabara. Mwili wenye utata uhifadhiwe kwa baridi ya nyuzi 4 hivi, bila dawa, na bila kugandishwa kama nyama ya bucha, maana barafu hupasua chembe za mwili. Andikeni ombi hilo kwa karatasi yenye namba ya OB, nakala moja kwa msimamizi wa mochari na nyingine kwa afisa anayechunguza, na kila nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kabla ya upasuaji familia inaweza kuomba daktari wake awepo. Hapasui, anashuhudia. Kwa vifo vinavyohusishwa na polisi au mateso, IMLU, shirika lisilo la serikali la madaktari na wanasheria, huwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa. Kazi ya daktari huyo ni kuona mambo madogo yakifanywa kwa mpangilio. Shingo ipasuliwe mwisho, baada ya ubongo na viungo vya kifua kutolewa, ili damu ichuruzike kwanza. Ikianzwa shingo, damu huvuja kwenye misuli na kutengeneza "michubuko" ambayo marehemu hakuwa nayo. Damu ya maabara itolewe mshipa wa paja, si kuchotwa kifuani ilikochanganyika, na chupa ya kupima pombe iwe ile ya kifuniko cha kijivu yenye floridi, vinginevyo bakteria watatengeneza pombe yao. Kucha zikatwe, maji ya ndani ya jicho yachukuliwe, nguo zikaushwe na kufungwa kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki zitakamoota ukungu. Kila kifurushi kifungwe lakiri na kuandikwa nani amempa nani, hadi kimfikie Mkemia wa Serikali. Mara nyingi mnyororo huo hukatika kwenye buti la gari la polisi.

Upasuaji wa pili unawezekana, lakini daktari wa pili anakuta viungo vimeshakatwa na kuchanganywa kwenye mfuko mmoja. Atategemea picha za wa kwanza na vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye nta. Ndiyo maana ule wa kwanza haufai kuharakishwa. Na kinachouharakisha Nairobi ni kamati ya mazishi: basi limeshalipiwa, jamaa wa nyumbani wanauliza tarehe, bili ya mochari inapanda kila siku. Kwa Waislamu ni zaidi, maana maiti hacheleweshwi. Dawa ni kumwomba mwanapatholojia aanze alfajiri, kwa barua. Na kama kuna shaka, mwili usichomwe. Kaburi hakimu anaweza kuamuru lifukuliwe, na kifungu kilekile cha 387 kinamruhusu, majivu hayafukuliwi.

Kwamba "ji" hung'oka mezani pa upasuaji, jiji lilishuhudia Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alifia mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central, Nairobi, na taarifa ya kwanza ya polisi ikasema alijigonga kichwa ukutani. Siku chache baadaye, mwanapatholojia wa serikali Bernard Midia akaeleza alichokiona: majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, na michubuko sehemu nyingi za mwili. Aliyejigonga ukutani, alisema, angetarajiwa kuvuja damu upande wa mbele wa kichwa. Huyu damu ilikuwa pande na nyuma pia. Taarifa ya polisi haikufika wiki.

Kwa Padri John Kaiser, "ji" ilichukua miaka 7 kung'oka. Mmisionari huyo Mmarekani alikutwa amekufa Agosti 2000 kando ya barabara ya Nakuru kuelekea Naivasha, amepigwa risasi kichwani, bunduki yake ya marisau ikiwa hapo. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waliitwa, na 2001 wakahitimisha kwamba alijiua, wakitilia uzito historia ya afya yake ya akili. Maaskofu Wakatoliki wakakataa. Inkwesti ikaanza 2003, mashahidi wakahojiwa mbele ya watu, na Agosti 2007 hakimu Maureen Odero akaamua kwamba padri aliuawa. Hakumtaja muuaji, maana ushahidi uliokuwa mbele yake haukumfikisha huko. Inkwesti haina mshtakiwa. Inauliza nani amekufa, wapi, lini, vipi, na kama kuna kosa lililotendwa. Hakimu akiona mhalifu anajulikana, hutoa hati akamatwe. Asipojulikana, huandika maoni yake na kumpelekea Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Mkurugenzi huyo ndiye mlango wa familia iliyokwama. Katiba, ibara ya 157, inampa nguvu ya kumwagiza Inspekta Jenerali achunguze, na kifungu cha 388 cha ile Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamruhusu kumwagiza hakimu aanze inkwesti, au aifungue upya iliyokwisha fungwa. Barua hupelekwa ofisi yake ya Barabara ya Ragati, Upper Hill. Ikisema tu "hatukuridhika" haitafika mbali. Taja namba ya OB, tarehe ya upasuaji, kisha jambo mojamoja ambalo halikufanywa: simu haikuchunguzwa, jirani wa mlango wa pili hakuhojiwa, madoa ya mgongoni hayakuelezwa. Kama anayeshukiwa ni polisi, malalamiko yaende pia IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi.

Na mchukue nakala ya ripoti ya daktari siku ileile inapotiwa sahihi. Mwaka 1988 mtalii Mwingereza Julie Ward alipokutwa amekufa Maasai Mara, ikasemwa kaliwa na wanyama. Daktari aliyeyapima mabaki aliandika kwamba mfupa ulikatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti ilipotoka, maneno hayo yalikuwa yamebadilishwa yaonekane ni ya kuraruliwa. Baba yake aligundua kwa kuziangalia herufi za taipureta zilizopigwa juu ya nyingine, na inkwesti ya Nairobi ya 1989 ikaamua kwamba binti aliuawa.